Nilinunua Nyumba, Nikauziwa Njia

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama kwenye korido ya nyumba yangu mpya, mswaki mdomoni, nikimtazama mwanamke nisiyemjua akipita mbele yangu na ndoo. Aliingia kwa mlango wa barabarani, akaniambia habari za asubuhi, akatokea kwa mlango wa baharini. Hakubisha, hakuomba, wala hakugeuka.

Wengine mmeniandikia kwamba nimetia chumvi. Mmoja kasema labda alikuwa mgeni wa mume wangu. Ahsante kwa kunifikiria, lakini mume wangu hana uwezo huo. Mtu aliyekaa stoo ya vipuri maisha yake yote bila kupotelewa hata na nati hawezi kuficha mwanamke, tena mwenye ndoo.

Kwa mnaoanza kunisoma leo: nilikuwa na saluni mjini, nimeiuza. Nimeiuza ili mimi na mume wangu tupate nyumba kisiwani tuzeekee huko. Nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa na wenyewe watatu wasiosalimiana. Ya pili haikuwa na paa, na dalali akasema ni ya kisasa. Hii ya tatu ndiyo tukanunua, na niliinunua kwa ajili ya kitu kimoja tu, korido.

Ni korido ndefu, pana, imenyooka kutoka barabarani mpaka baharini, vyumba vya kulala kulia, sebule na jiko kushoto. Ukifungua milango yote miwili, upepo unapita humo mpaka mapazia yanalala hewani.

Acheni kucheka. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya kupanga. Chumba chetu kilikuwa cha pili kutoka mwisho na korido ilikuwa ya wote. Watu walipita mlangoni kwetu nikioga kwenye beseni, wakapita nikiumwa, na siku mama yangu anakata roho walipita na sufuria zao wakisema samahani. Hakuna aliyebisha hodi, kwa sababu tulikuwa na pazia, na pazia halibishwi.

Siku ile niliapa kwamba nitakuwa na korido yangu, na atakayetaka kuikanyaga atasimama nje aseme hodi mpaka nimjibu. Wengine wanataka magari. Mimi nilitaka hilo.

Sasa turudi kwa yule mwenye ndoo.

Kabla sijatema povu la mswaki akaja wa pili, na kikapu. Nyuma yake mzee mwenye fimbo ya chuma, kisha wanawake wawili wakisimuliana habari za mtu aliyeoa vibaya. Wote wakanisalimu. Wote wakatokea baharini, kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme iliyosimikwa hapo juzi.

Nikamwita mume wangu. Akatoka bafuni na taulo, kipara kinametameta maji.

"Mzee, kuna watu."

"Nawaona."

"Wanapita ndani ya nyumba."

"Naona wanapita."

"Basi wafukuze."

Akakohoa, akakaza taulo, akawatazama wale wanawake wawili. Kisha akasema, "Karibuni."

Huyo ndiye mwanamume niliyepewa.

Nikawafuata mpaka mlango wa baharini ili niwatolee uvivu. Bahari haikuwepo. Ile bahari niliyoonyeshwa mara tatu, inayogonga ngazi za nyumba yangu, ilikuwa imeondoka. Palikuwa na tope na mawe mpaka mbali, na watu wameinama humo kila mahali wakichokoachokoa. Maji yalikuwa yamepwa, na mtaa mzima ulikuwa umeshuka kutafuta kaa na chaza, kupitia sebuleni kwangu.

Nilivaa nikaenda kumtafuta dalali.

Dalali wetu anaitwa Usijali, kwa sababu ndilo neno analolijua. Nilimkuta kwenye kibanda cha chai kando ya gati, miguu juu ya kiti cha pili.

"Kuna watu wanapita nyumbani kwangu," nikamwambia.

"Usijali, mama. Ni watu wazuri."

"Sikuuliza uzuri wao. Kwa nini wanapita?"

"Watapita wapi?" Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kusaidiwa. "Nyumba zote za upande ule zimejengewa ukuta wa kuzuia mawimbi. Mlango wa kushukia baharini ni wako peke yake."

"Na hukuniambia."

"Mama, hukuuliza."

"Nitauliza vipi kitu ambacho mtu mwenye akili hawezi kukifikiria? Nimekuja hapa mara tatu. Mara tatu hizo sikuona hata paka anapita."

Usijali akashusha miguu. Nadhani hata yeye alinionea huruma, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mama, ulikuja na kivuko," akasema. "Kivuko hakifiki gatini mpaka maji yajae. Kinakaa saa moja, kinageuza kabla hayajapungua. Wewe ulikuja na maji, ukaondoka na maji. Maji yakijaa nani atashuka baharini, na anakwenda kufanya nini?"

Nikavuta kile kiti cha pili nikakaa.

"Nami nilikuomba," akaendelea. "Nilikuomba ulale hapa hata siku moja uione nyumba mchana kutwa. Ulinijibu nini?"

Nakumbuka mwenyewe nilivyomjibu. Nilimwambia vitanda vya huku vina kunguni. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, na shemeji yake ndiye mwenye nyumba ya wageni.

Basi ndivyo mimi, mwanamke wa mjini, niliyewakata watu nywele na kuwasoma akili huku nawakata, nilivyoinunua nyumba kwenye maji yaliyojaa. Hawa watu wa kisiwani hata mtoto hawezi kufanya kosa hilo. Hakuna anayenunua nyumba humu kabla hajaiona maji yakiwa yamepwa. Ni kama kununua viatu kwa kutazama kisanduku.

Nilirudi nyumbani nikakuta bahari nayo inarudi, na watu wanarudi mbele yake. Wakapita tena, safari hii wamelowa mpaka mapajani, wanadondosha tope kwenye sakafu niliyoipiga deki. Yule mzee wa fimbo akasimama mezani kwangu akaniachia kaa wawili, wazima, wakitembea juu ya kitambaa.

"Zawadi ya kukaribisha," akasema.

Walishaanza kumwita mume wangu shemeji. Shemeji wa nani? Sijui dada yao ni nani humu ndani.

Kesho yake nilinunua vitasa viwili vikubwa vya chuma, kila kimoja na funguo mbili, nikafunga mlango wa barabarani na mlango wa baharini. Mume wangu akasimama ananitazama na bisibisi mkononi.

"Bibie, wamepita hapa miaka yote."

"Na mimi sijakaa hapa miaka yote."

"Tungezungumza nao kwanza."

"Ukitaka kuzungumza nao, nenda kakae barabarani uzungumze. Ukikifungua kitasa hiki, fungua na mlango wa dada yako ukalale huko."

Akazungusha ile skurubu ya mwisho taratibu, akanipa funguo zangu. Zake akazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Niliona zinatundikwa. Kumbukeni hapo.

Maji yalipopwa wakaja. Nilisikia mkono unasukuma mlango, kisha ukasukuma tena. Hakuna aliyebisha, maana hawajui kubisha. Wakanong'ona kidogo huko nje, nikasikia ndoo zinawekwa chini. Baadaye wakaondoka. Nilikunywa chai yangu katikati ya korido, kwenye kiti, peke yangu, na nawaambia ukweli sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Alasiri wakatuma mtu.

Alikuja Mama Duka, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwenye duka la vitu vidogovidogo. Mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Akakaa kwenye sofa langu, akanyoosha miguu yake yenye tope la zamani, akaanza.

"Dada, sisi hatukuja kugombana."

"Sijamwona mwingine. Umekuja peke yako."

"Wengine wako nje."

Kweli, niliwaona dirishani. Walikuwa wamekaa kwenye kizingiti changu.

"Njia hii ilikuwepo kabla ya nyumba," Mama Duka akasema. "Aliyeijenga nyumba aliomba kiwanja, akaambiwa jenga lakini uache njia. Ndiyo akaacha korido. Nyumba ndiyo iliyoikuta njia, dada."

"Mimi nimekuta nyumba."

"Tunaelewa. Lakini hapa kila mtu amepita kwa mwenzake. Bomba lako la maji limepita chini ya jiko langu. Waya wako wa umeme umepita juu ya bati la fundi redio. Na shimo la choo chako," akashusha sauti kwa adabu, "liko uani kwangu."

Nilimwangalia mume wangu. Mume wangu aliangalia dari.

"Unanitishia na choo," nikasema.

"Sikutishii. Nakuhesabia. Sisi hatuwezi kuziba choo cha mtu."

Niwaambie nilichoona pale, na wala sioni haya kukisema: niliona udhaifu. Watu wameshika maji yangu, umeme wangu na choo changu mikononi mwao, na wamekuja kubembeleza. Mjini kwetu ningekuwa nimeshakatiwa vyote kabla ya chai. Hawa hawajui hata kugombana. Nikawadharau kwa moyo wangu wote.

"Kwa hiyo mtazunguka," nikamwambia.

"Kwenda tutazunguka, kwa kule kwenye mawe ya rasi. Maji yakiwa chini kabisa panapitika. Kurudi ndiko kugumu. Maji yakianza kujaa, mawe yale hayapitiki tena, na huku chini ya kuta zetu hakuna pa kutokea ila mlango wako."

"Basi mrudi mapema."

"Kaa wanatoka mwishoni, dada, maji yakishageuka. Ukirudi mapema umerudi na ndoo tupu."

"Mnunue nyama."

 Akaitazama miguu yake, akaitazama sakafu yangu, akasimama. "Haya," akasema. "Mungu akubariki na nyumba yako." Alipofika mlangoni alisimama kidogo akamtazama mume wangu, naye akamtazama. Nilidhani anamwonea huruma kwa kuoa mwanamke kama mimi. Wengi wanamwonea.

Wiki nzima ikapita kimya.

Hakuna aliyesukuma mlango. Hakuna aliyenikatia maji. Dukani Mama Duka aliniuzia sukari na chenji akanipa sawasawa. Nikagundua wamenibatiza jina, Mama Kitasa, nikalipokea. Bora Mama Kitasa kuliko mama pazia.

Na mume wangu, sijui niseme nini, alibadilika. Akawa mtamu. Mwanamume ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuniuliza kama nimechoka, sasa ananiuliza kila siku.

"Bibie, jilaze kidogo. Ziba masikio yako upumzike." Mimi nikilala mchana naziba masikio kwa pamba, tabia niliyotoka nayo saluni kwenye kelele za madraya ya kukaushia nywele.

Siku nyingine ananiambia, "Nenda gatini ukapunge hewa. Ukae, usiwe na haraka. Mimi nitaangalia nyumba."

Nikaenda gatini. Nikakaa, sikuwa na haraka. Nilimtazama Usijali akiwapokea wanunuzi wapya kutoka kivukoni, wanandoa waliovaa kofia za jua zinazofanana, nikajisemea moyoni kwamba kisiwa hiki kimenirudishia mume. Nilitabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Hilo nalo nawaambia, kwa sababu nimeahidi kuwaambia yote, na kati ya yote ndilo linalonichoma mpaka sasa.

Maana siku ya nane niliinama kutafuta kitana chini ya sofa, nikamkuta kaa.

Alikuwa mdogo, mzima, anatembea kwa ubavu kuelekea koridoni kama anayeijua njia. Nikamfuata kwa magoti. Pembezoni mwa korido, pale ambapo ufagio wa mwanamume haufiki, palikuwa na mchanga. Nikaugusa. Ulikuwa na unyevu.

Nikaenda nyuma ya mlango wa jiko. Msumari ulikuwepo. Funguo hazikuwepo.

Nikakaa chini pale jikoni, nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Ndiyo maana walikuwa kimya. Ndiyo maana hawakunikatia maji. Walikuwa wanazunguka kwa mawe kwenda, na kurudi wanafunguliwa mlango na shemeji yao, mimi nimelala na pamba masikioni au nimekaa gatini nahesabu mapenzi. Mtaa mzima ulijua. Wananipa chenji sawasawa, kisha wanavua viatu ili wasinitie mchanga kwenye nyumba yangu.

Jilaze kidogo, bibie.

Sikulia. Wala sikumwambia kitu. Mwanamke wa saluni anajua kukaa na jambo kifuani huku anamchana mtu nywele na kumsifia. Jioni ile nikampakulia chakula, nikamwongezea mchuzi, nikamuuliza kama amechoka.

Kisha nikampigia simu mwashi wa mjini.

Sikumtaka mwashi wa kisiwani. Angeanza kwa kuniambia dada, na angemalizia kwa kuniachia tundu la kupitishia ndoo. Nilimtaka mtu asiyemjua yeyote humu, aje na kivuko cha asubuhi, ajenge, aondoke na kivuko cha jioni.

Kilichobaki kilikuwa kumwondoa mume wangu nyumbani, na hicho kikajitengeneza chenyewe. Asubuhi ya siku ya mwashi, kabla sijamtafutia safari, akavaa kofia.

"Bibie, mimi natoka kidogo. Naenda kunyoa."

"Nenda," nikasema. "Usiwe na haraka."

Nilifurahi hata sikumtazama mgongo.

Mwashi alifika na mifuko miwili ya saruji na rukwama la matofali alilokodi gatini. Mtu mrefu, mkavu, hapotezi maneno. Nikampenda hapohapo. Akasimama mbele ya mlango wa baharini, akaufungua, akaufunga.

"Huu mlango una shida gani?"

"Unafunguka."

Akatikisa kichwa, akavua shati.

Tuliufunga kwa kitasa, kisha akaanza kujenga kwa ndani, nyuma yake, tofali juu ya tofali, kutoka ukuta mpaka ukuta. Alipofika magotini nikamwambia aweke nondo.

"Nondo za nini?"

"Za kuingia ukutani kulia na kushoto."

"Mama, unazuia watu au tembo?"

"Weka."

Akatoboa, akaweka. Nikasimama naye mwanzo mpaka mwisho. Kila tofali lilipokaa nilisikia raha inapanda kutoka miguuni. Hili la yule mwenye ndoo. Hili la mzee na kaa wake. Hili la Mama Duka na choo chake. Yale ya juu kabisa, yaliyoziba mwanga, yalikuwa ya mume wangu peke yake. Nikamwaza atakavyokuja kesho kwa kunyatia na funguo zake, mimi nimejifanya nimelala, anaufikia mlango kwa furaha yake ya kijinga na kukuta ukuta. Nilitaka kumwona anavyogeuka.

"Hii haitoki kwa mkono," mwashi akasema, akifuta mwiko. "Saruji mbichi lakini nondo zimeshika. Labda kwa nyundo kubwa, na mtu mwenye nguvu zake."

"Nyundo yako unaondoka nayo?"

"Naondoka nayo, sina nyingine."

"Vizuri."

Akavaa shati, akabeba vyombo vyake kwenda kungojea kivuko. Nilimsindikiza mpaka mlango wa barabarani, nikaufunga, nikazungusha kitasa.

Kisha nikaleta kiti, nikakiweka katikati ya korido, nikamimina chai.

Korido ilikuwa na giza. Hilo sikuwa nimelifikiria. Ilikuwa na joto pia. Mapazia yalikuwa yamening'inia tu, hayachezi, maana upepo ulikuwa ukitoka baharini na sasa bahari ilikuwa imezibwa kwa matofali. Jasho likaanza kunitoka kwapani. Nikajiambia nitanunua feni. Nikanywa chai.

Mtaa ulikuwa kimya, kimya kuliko siku zote. Sikusikia redio ya fundi redio, wala Mama Duka akiita mtu. Nikainuka nikachungulia dirishani. Duka lilikuwa limefungwa kwa kufuli mchana kweupe. Fundi redio amefunga. Kizingiti changu hakina mtu. Kule mwisho wa barabara, gatini, nilisikia honi ya kivuko kinachokaribia.

Kivuko hakifiki mpaka maji yajae.

Nikarudi kwenye kiti changu, sikukaa. Kitu fulani kilikuwa kinanisumbua tangu asubuhi, kidogo, kama unywele kwenye ulimi, na nilikuwa nakitema bila kukitazama. Sasa nikakitazama.

Anakwenda kunyoa.

Nimeishi na nywele za watu tangu nikiwa msichana. Nimesuka, nimekata, nimepaka dawa, nimeokoa vichwa vilivyoshindikana. Na mume wangu, tangu siku ya kwanza niliyomwona mlangoni pa saluni akija kumngojea dada yake, hana unywele hata mmoja kichwani, wala udevu kidevuni.

Hapo ndipo kitasa cha mlango wa baharini kilipozunguka.

Nilikisikia vizuri, nyuma ya ukuta. Ufunguo ukaingia, ukazunguka, mlango ukavutwa kwa nje. Kisha kimya. Kimya cha mtu aliyefungua mlango wake na kukuta hakuna nyumba.

Chini yake nikasikia maji. Yalikuwa yanagonga ngazi, na si ngazi ya chini tena.

"Shemeji, sogea basi," sauti ya Mama Duka ikasema, ikicheka bado. "Tunalowa huku."

Hakujibiwa.

"Shemeji?"

Nikasikia ndoo inaanguka majini. Nikasikia mzee wa fimbo anauliza kuna nini huko mbele, na watu wengine nyuma yake, wengi, wanasukumana kwenye ngazi ambazo hazitoshi hata nusu yao. Mtu mmoja akasema mawe ya rasi yameshazama. Mwingine akasema si shemeji alisema tupite kwao, si yeye ndiye aliyesema tusiwe na haraka leo.

Nikataka kuweka kikombe chini. Nilikosa pa kukiweka, kikaanguka.

Kisha mtu akagonga. Hakugonga kwa hasira. Aligonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kwenye saruji mbichi, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Hodi," mume wangu akasema.

Nilikwenda mpaka kwenye ukuta. Nikaweka viganja vyote viwili juu ya matofali yangu nikasukuma, nikasukuma tena kwa bega, na saruji ikaniganda mikononi lakini nondo zilikuwa zimeshika, kama nilivyotaka.

"Bibie, hodi. Maji yamefika kiunoni. Mama Duka hajui kuogelea."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Neno nililokuwa nimeliweka tangu utotoni, neno la mtu mwenye korido yake, likatoka kabla sijalizuia.

"Karibu," nikasema, nimeushika ukuta.